Mji wa Mvita na Waalimu Wake

Hotuba hii ilisomwa mbele ya waalimu na wazazi mjini Mombasa. Twaichapa hapa yote, kwa kuwa mambo yaliyomo yawahusu wasomaji wetu wa mjini na wa mashambani pia.



Nimeombwa niseme juu ya watu walioutengeneza mji huu wa Mombasa katika elimu, lugha na sanaa. Maneno machache hayatatosha, na mengi yatawachosha, basi nitachagua. Wako watakaouliza kwa nini nimemtaja fulani na kumwacha fulani, nao nawaomba radhi mapema. Sikuchagua kwa ukubwa wa nasaba wala wa cheo. Nilijiuliza swali moja tu: mtu huyu alipofariki, ni nani aliyebaki akijua jambo kwa sababu yake?

Nitaanza na mtu ambaye wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake. Muyaka bin Haji mwamjua. Aliishi hapa Mvita, akafariki yapata mwaka 1840, miaka michache baada ya utawala wa Wamazrui kuangushwa na Seyyid Said wa Unguja katika mwaka 1837. Alitunga mashairi ya vita na ya mapenzi, ya shida za siku na ya vijembe kwa maadui wa mji wake. Wataalamu husema kuwa yeye ndiye aliyeutoa ushairi wa Kiswahili msikitini akautia sokoni. Lakini Muyaka hakupiga chapa kitabu. Mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu na katika karatasi mbili tatu, na miaka arobaini baadaye vifua hivyo vilikuwa vikizikwa kimoja kimoja.

Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa hapa hapa, aliyefariki mwaka 1890. Yeye aliyakusanya, akayaandika kwa herufi za Kiarabu, akamfafanulia maana yake padre mmoja Mwingereza aliyekaa mji huu, William Taylor. Padre huyu alikipenda Kiswahili cha Mvita mapenzi makubwa, na katika mwaka 1891 alitoa kitabu cha methali za Waswahili. Karatasi zile zilikwenda mpaka London, zikahifadhiwa katika chuo kikuu. Hata mwaka 1940 Bwana William Hichens akazitengeneza, na Diwani ya Muyaka ikapigwa chapa mjini Johannesburg. Tazameni safari ya shairi hilo: limetungwa Mvita, limelala London, limechapwa Afrika ya Kusini, kisha likarudi kwetu likiwa kitabu. Katika mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz, ambaye ni mtoto wa Mombasa aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Nairobi, alitoa kitabu kingine juu ya Muyaka, akayaeleza mashairi hayo kwa kujua mitaa na watu wanaotajwa. Sasa watu humtaja Muyaka, humtaja Taylor, humtaja Hichens. Mwalimu Sikujua hutajwa na wachache. Hakuwa na cheo. Alikuwa na kalamu na subira.

Huenda kijana akauliza, ni kazi gani hiyo ya kuandika tu? Bwana, haikuwa nyepesi. Herufi za Kiarabu zilitengenezwa kwa lugha ya Kiarabu, nazo hazina "p", wala "v", wala "ch", wala "g" kama yetu. Tena irabu zao ni tatu, na zetu ni tano. Mtu aliyeandika kwa kanuni za zamani aliweza kuandika neno moja likasomwa kwa namna tatu, na msomaji akalazimika kulijua shairi kabla ya kulisoma. Kwa hiyo wanazuoni wa mji huu, akiwamo Sikujua na baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, walitia nukta na alama mpya ili kila sauti ya Kiswahili ipate herufi yake. Jambo hili laonekana dogo kama chembe ya mtele. Lakini pasipo hilo hatungejua kama mshairi alisema "pia" au "bia".

Nimemtaja Sheikh Al-Amin, na kwake yanipasa nikae kidogo.

Alizaliwa hapa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alifariki mwanawe akiwa mtoto mdogo sana, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali. Alipokuwa mtu mzima alikuwa mwanachuoni wa sifa, na kama angalipenda angaliweza kuketi kwa raha, akafundisha wanafunzi wake fiqhi na nahau, watu wakambusu mkono. Lakini alitazama hali ya watu wake akaona kuwa wamelala. Vijana wa mataifa mengine walikuwa wakipata kazi za ukarani na ufundi. Watu wake walikuwa wakiuza mashamba ili wafanye harusi. Basi katika mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi ndogo ya habari na mawaidha, jina lake Sahifa. Baada yake, mwaka 1932, akatoa gazeti la Al-Islah, maana yake matengenezo. Magazeti hayo hayakuishi miaka mingi. Lakini makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na ukikisoma leo utadhani kimeandikwa kwa ajili ya mtaa wako.

Aliandika nini? Aliwakemea waliotumia mali yote ya marehemu katika matanga. Aliwakemea waliodhani kuwa ustaarabu ni kuvaa kofia ya Kizungu, na papo hapo akawakemea waliodhani kuwa dini ni kukataa kila jambo lililotoka kwa Mzungu. Aliwaambia watu wasome elimu ya dunia pamoja na elimu ya akhera. Tena alisema kwamba mtoto wa kike naye asomeshwe. Maneno haya twayasikia leo tukaitikia kwa kichwa; wakati ule yalimletea maadui. Maana hofu ya wazazi haikuwa ya kijinga. Waliona shule nyingi zikiwa mikononi mwa mapadre, wakaogopa kwamba mtoto atakwenda asubuhi kwa jina la Ali na kurudi jioni kwa jina jingine. Sheikh hakuwacheka kwa hofu hiyo. Aliwaambia: kama mwaziogopa shule za watu, basi jengeni zenu, na ndani yake mfundishe hesabu na jiografia pamoja na Kurani.

Katika mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoifanya mpaka alipofariki mwaka 1947. Nakumbusha tena lile swali langu la kwanza. Wanafunzi wake walikuwa wengi, na mmoja wao, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu na mwandishi wa vitabu vya Kiswahili. Na mwanawe mmojawapo nitakuja kumsema baada ya kitambo.

Kiongozi mwingine wa wakati huo alikuwa Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyezaliwa 1896 na kufariki 1959. Huyu alikuwa mtu wa Serikali, Liwali wa Mombasa na kisha Liwali wa Pwani nzima. Watu hawakosi la kusema juu ya maliwali, na mimi siwezi kusema kuwa kila alilolifanya kwa cheo chake liliwapendeza watu wote. Lakini jioni, alipovua joho la cheo, alikuwa mkusanyaji wa maandiko. Alikusanya tenzi na mashairi ya zamani, akawasaidia wataalamu waliokuwa wakiyatafuta, Hichens akiwa mmoja wao. Mwaka 1950 alitoa kitabu juu ya Al-Akida, yule Muhammad bin Abdallah aliyeishika Ngome ya Yesu akamwasi Sultani Barghash, mpaka manowari za Kiingereza zikaipiga ngome kwa mizinga mwaka 1875. Ndani yake alitia nyimbo na mashairi ya siku zile. Hapo ndipo ninapomshukuru. Mwandishi mwingine angaliandika tarehe na idadi ya mizinga. Yeye alijua kuwa watu wa mji huu huiweka historia yao katika wimbo.

Sasa nije katika jambo la shule ya ufundi, ambalo wazee wengine hapa walilishuhudia kwa macho. Baada ya Vita Kuu ya Pili palitokea shauri la kujenga chuo cha ufundi kwa vijana Waislamu wa Afrika ya Mashariki, na Gavana wa Kenya wa wakati huo, Sir Philip Mitchell, alilisukuma mbele. Fedha zilitoka kwa Aga Khan, kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Serikali ya Uingereza, na kwa jamaa ya Mabohora na wafadhili wengine. Chuo kiliundwa mwaka 1948, na wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1951 kujifunza mambo ya umeme na useremala. Baadaye yaliongezwa mafunzo ya mitambo ya meli na ya ubaharia, na kwa mji wa bandari hilo lilikuwa jambo la akili.

Kasoro yake ilikuwa ile ile ya nchi nzima wakati wa ukoloni: kila taifa na shule yake, Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waarabu mbali, Waafrika mbali, na dini pia na uzio wake. Watoto waliocheza pamoja katika mchanga mmoja walitenganishwa saa mbili asubuhi. Mei 1966, Kenya ikiwa imekwisha kujitawala, chuo kilibadilishwa jina kikafunguliwa kwa kila aliyestahili, pasipo kuulizwa taifa wala dini. Mwaka 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni chuo kikuu kamili cha ufundi.

Katika chuo hicho alikuwako karani mmoja kijana. Alikuwa amefanya mtihani wa Cambridge mwaka 1949, asipate alama za kumpeleka Makerere. Wazazi mlioko hapa, mwalijua jambo hili: mtoto wa mwanachuoni mkubwa, jamaa wote wakimtazamia, naye akashindwa kuingia Makerere. Siku moja ya sherehe ya Maulidi kijana huyu alipewa nafasi ya kuhutubia, na Gavana Mitchell alikuwapo. Gavana alimsikiliza, kisha akataka kumjua. Likatoka hapo shauri la kumpa nafasi ya kusoma Uingereza, na katika mwaka 1955 akaenda Huddersfield kuanza tena. Karani yule ni Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin. Alipata shahada Manchester, New York na Oxford. Na Makerere, mlango uliofungwa mbele yake, aliingia baadaye akiwa mwalimu, akafundisha huko kwa miaka kumi tangu 1963. Alifariki Marekani Oktoba 2014, akaletwa nyumbani kuzikwa katika makaburi ya jamaa yake karibu na Ngome ya Yesu.

Habari hii watu huisimulia ili kuonyesha kuwa mtihani si kitu. Mimi siisimulii kwa nia hiyo. Mimi ni mwalimu, na mtihani ni kitu. Naisimulia kwa sababu inanitia hofu. Ni vijana wangapi walioshindwa mwaka ule ule wa 1949, wenye akili kama zake, ambao hawakupata siku ya kuhutubia wala Gavana wa kuwasikiliza? Mji ulimpata mmoja kwa bahati ya hotuba moja.

Nisogee katika jambo la lugha, na hapa mniwie radhi nikipandisha sauti kidogo.

Juni 1928 ulifanywa mkutano hapa hapa Mombasa, wa wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kuamua ni Kiswahili cha wapi kitakachofundishwa katika shule zote. Mapadre wengine walikuwa wamepiga chapa vitabu vyao kwa Kimvita, wengine kwa Kiunguja. Mkutano uliamua Kiunguja. Sisemi kuwa uamuzi ulikuwa wa upuuzi. Kiunguja kilikwisha kuenea bara pamoja na misafara ya biashara, na vitabu vya Tanganyika vilikuwa vikiandikwa kwacho. Nchi nne haziwezi kusomesha kwa lahaja kumi. Lakini fikirini: lugha ya Muyaka ilihukumiwa katika mji wa Muyaka, na katika kumbukumbu za hukumu hiyo sauti ya washairi wa mji huu haionekani.

Matokeo yake yaliingia mpaka darasani. Mtoto wa Mvita husema "ndia," "mato," "ndaa," "ndoo hapa." Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto, mwalimu wangu, ambaye sitamtaja wala sitaitaja shule, alinipiga rula ya vidole kwa kuandika "ndia" badala ya "njia." Nilirudi nyumbani nikamwambia bibi yangu kwamba hajui Kiswahili. Bibi alikuwa akijua kwa moyo tenzi ambazo mwalimu yule hakupata kuzisikia. Hakunijibu, alinitazama tu, akaendelea kupepeta mtele wake. Nimelibeba neno lile tangu siku hiyo.

Aliyetupatia jibu ni mwalimu mwenzetu, marehemu Shihabuddin Chiraghdin. Alizaliwa hapa mwaka 1934 akafariki 1976, kabla ya umri wake kutimia. Aliwafundisha vijana kuwa Kiswahili sanifu ni nguo ya kuendea barazani, na lahaja si tambara la kutupwa. Yeye ndiye aliyekihariri kitabu cha Malenga wa Mvita cha Ahmad Nassir, kilichotoka mwaka 1971, akayaeleza maneno ya Kimvita yaliyomo mahali pa kuyafuta. Kisha aliandika, pamoja na Mathias Mnyampala wa Ugogo, kitabu cha Historia ya Kiswahili. Mnyampala alifariki mwaka 1969, Chiraghdin 1976, na kitabu kilitoka 1977. Hakuna hata mmoja wa waandishi wawili hao aliyekishika mkononi. Walikuwa mtu wa pwani ya Kenya na mtu wa bara ya Tanganyika, wakibishana kwa hoja kuwa lugha hii ni ya Waafrika wenyewe kwa asili yake, si mchanganyiko ulioletwa na majahazi.

Nisije nikadhaniwa kuwa kwangu mimi Mombasa ni Mji wa Kale peke yake. Vukeni daraja la Nyali mfike Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Freretown, mahali palipoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Watu hao walitoka Unyasa, Uyao na kwingineko, wakakusanywa na lugha ya Kiswahili na kanisa na shule. Mmoja wa wazao wao, James Mbotela, aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa London mwaka 1934 na kusomwa mashuleni kwa miaka mingi. Kitabu hicho kinawashukuru Waingereza kupita kiasi, na wasomaji wengine kimewaudhi. Hata hivyo ni kitabu cha mtu anayesimulia habari za wazee wake mwenyewe, na vitabu vya namna hiyo katika Kiswahili vilikuwa vichache sana.

Na ndugu zetu wa Kigiriama wasisahauliwe. Ronald Ngala mwamkumbuka kuwa mwanasiasa, Waziri, kiongozi wa chama. Kabla ya hayo alikuwa mwalimu, aliyesomea Makerere, na hapa mjini aliongoza shule ya Buxton. Katika mwaka 1949, akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, alitoa kitabu kidogo juu ya nchi na desturi za Wagiriama. Wakati ambapo mambo ya makaya yaliandikwa na maafisa na mapadre, huyu aliandika ya kwao kwa kalamu yake. Alifariki mwaka 1972.

Mabibi mlioketi upande ule mtanilaumu kwamba nimetaja wanaume watupu. Lawama hiyo ni ya haki, na sehemu yake yatokana na waandishi waliopita, ambao hawakuingia uani. Katika miaka ya baina ya vita viwili wanawake wa mji huu walikuwa na vyama vya lelemama, navyo vilikuwa na vyeo, michango, sare, na mashindano makali. Waliokuwa mashuhuri ni Ibinaal Watan na Banu Sada. Mashairi ya kujibizana yalitungwa humo, na mengi yamepotea. Watengenezaji wa mambo, wafuasi wa fikira za Sheikh Al-Amin, waliyapiga vita mashindano hayo kwa sababu ya gharama, na ni kweli gharama zilikuwa kubwa. Lakini ndani ya vyama hivyo wanawake walijifunza kuongoza mkutano, kukusanya fedha na kutunza hesabu. Shule ya Serikali ya wasichana wa Kiarabu ilifunguliwa mwisho wa miaka ya 1930, na mwisho wa miaka ya 1950 vilizaliwa vyama viwili vya wanawake Waislamu, vikafungua madarasa na kuisaidia elimu ya wasichana. Mkitazama waliovianzisha, mtaona humo nyuso za uwanja wa lelemama. Walibadilisha ngoma, uongozi walikuwa nao tangu zamani.

Juu ya washairi wa karibu yetu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wenu mwawajua kuliko mimi. Ahmad Nassir mwenyewe alitunga, na jamaa yake Juma Bhalo akaimba. Kwa sauti ya Bhalo mashairi yalifika kwa wasiojua kusoma: kwa mpishi jikoni, kwa mshoni cherehanini, kwa kuli gatini. Juma Bhalo alitutoka mwaka 2014, Ahmad Nassir mwaka 2019. Ndugu yao mdogo katika ukoo huo, Abdilatif Abdalla, alilelewa na mzee wao Ahmad Basheikh, mwalimu na mshairi aliyeongoza shule ya msingi ya Takaungu. Angalieni mwalimu wa kijiji anavyofanya. Mtoto yule alikua akiishi katika nyumba ambayo ushairi ulisemwa kama mazungumzo. Mwaka 1968 aliandika karatasi ya siasa iliyouliza Kenya inakwenda wapi, akafungwa miaka mitatu. Gerezani alitunga mashairi akayaandika katika karatasi za chooni, nayo yakatolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kilipewa tuzo ya vitabu yenye jina la Jomo Kenyatta, Rais ambaye chini ya utawala wake mwandishi alifungwa. Sina haja ya kuongeza neno hapo.

Mwisho nimtaje Mwalimu Ahmed Sheikh Nabhany. Alizaliwa sehemu za Lamu mwaka 1927, akafundishwa ushairi na bibi yake, Amina Abubakar, na miaka yake mingi ya kazi aliikaa hapa Mombasa, mpaka alipofariki Januari 2017. Huyu alikuwa mwenye maneno. Alitunga shairi refu juu ya chombo cha pwani na sehemu zake zote, na jingine juu ya mnazi na kila kitokacho kwake, ili majina ya vitu hivyo yasizame. Tena aliunda maneno mapya kutokana na lugha ya zamani. Neno "runinga" ni lake. Wengine walimcheka, wakasema televisheni yatosha. Leo wanaomcheka husoma habari katika runinga.

Mwalimu Nabhany alifanya kazi yake mingi karibu na Ngome ya Yesu. Ngome ile Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Tangu 1895 ikawa gereza mpaka 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa nyumba ya mambo ya kale, chini ya Bwana James Kirkman, kwa msaada wa fedha za Gulbenkian. Watoto hupelekwa huko wakatazama mizinga, wakarudi. Mizinga haitakwenda popote. Karatasi ndizo zinazokwenda.

Nawaeleza jambo moja la nyumbani kwetu, kisha nitaketi. Bibi yangu, yule wa mtele, alipofariki, aliacha sanduku la mvule lenye karatasi za khati ya Kiarabu. Hapakuwa na mtu nyumbani aliyeweza kuzisoma. Wajomba zangu wakasema, kwa nia njema kabisa, kwamba bila shaka ni aya za Kurani, na si heshima kuziacha ziliwe na mchwa. Wakazifunga katika kitambaa cheupe, wakatoka na mtumbwi mpaka ng'ambo ya mlango wa bandari, wakazitia baharini. Baada ya miaka mingi nilikuta karatasi moja iliyosalia chini ya sanduku, imenata kwenye ubao. Nikampelekea mzee anayesoma. Ilikuwa Kiswahili. Ilikuwa mashairi ya kujibizana, na juu yake pameandikwa jina la bibi yangu kuwa ndiye mtunzi.

Kwa hiyo, mwenye sanduku kama lile nyumbani kwake, namwomba asilipeleke popote kabla ya kumwita mtu wa kusoma. Kila siku ya Jumamosi baada ya sala ya alasiri nitakuwa nyumbani, pamoja na mzee yule. Na kijana anayetaka kujifunza kuisoma khati ile aje na daftari na kalamu ya risasi, malipo hatutaki.